Goti la Kapteni

Benchi lenyewe limelalia upande mmoja, nje ya kibanda cha fundi viatu, likitazamana na duka la vifaa vya ujenzi. Wanaolikalia wana kazi zao, ila asubuhi hiyo kazi ziliambiwa zisubiri. Jana timu ya mtaa ilifungwa fainali, moja bila, mpira ukikaribia kwisha, na kombe likaondoka kwenye pikapu ya watu wengine. Fundi viatu, ambaye mtaa mzima unamwita Mjomba kwa sababu kapteni wa timu ni mtoto wa dada yake, alifika akakuta nafasi yake ya katikati imekaliwa. Msimu mzima alikuwa akiachiwa pale, na kahawa ya kwanza ikimiminwa kwake. Leo akaonyeshwa pembeni. Akakaa, ingawa ilimuuma.

– Kocha katuua, alianza Daktari, muuza simu za mitumba aliyeupata udaktari wake kwa kulazwa wodini wiki mbili. – Anajua kapteni ana goti bovu, anamwingiza kipindi cha pili. Wapi na wapi?

– Kosa ni kumchelewesha! akadakia Refa, mlinzi wa duka la vifaa. – Goti linataka kupashwa moto. Ukiliweka benchi linalala.

– Goti halilali, wewe.

– La kwako je? Ukiinuka hapa linapiga kelele kama mlango!

Wakacheka. Refa akainua kidole.

– Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake, majeruhi usimuulize kama ataweza. Mwanzishe tu!

– Lakini jana si mlikuwa mnaimba “Mwingize! Mwingize!” hata kocha akaziba masikio? akauliza Mjomba.

– Na wewe ulikuwa unaimba taarabu? Sauti yako ndiyo ilitangulia!

Hilo halikuwa na ubishi. Mjomba alikuwa amesimama juu ya kiti cha kuazima, akipiga kelele hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Kapteni alimtazama, akavua fulana ya mazoezi, akaingia. Hakugusa hata mipira mitatu, beki mmoja akagongana naye, kapteni akaanguka, akatolewa kwa machela. Kocha alishamaliza kubadilisha wachezaji, timu ikabaki pungufu, ikafungwa.

– Kwanza nani kamwambia kocha azimalize nafasi zote za kubadilisha? Refa akairudia mechi.

– Majeruhi! Daktari akashusha sauti kama anatoa siri ya serikali. – Beki paja la kulia. Winga kifundo cha kulia. Kapteni goti la kulia. Hamjashtuka? Kocha anatumia mkono wa kushoto. Mazoezini anawazungusha upande mmoja tu. Watu wamelika upande mmoja kama soli.

Hata muuza kahawa alisahau kumimina.

– Mimi nasema kauza mechi, alisema Refa. – Jumatatu kaja dukani kwetu kununua mabati.

– Mangapi? akauliza Daktari.

– Mawili.

– Fainali nzima, mabati mawili?

– Haba na haba hujaza kibaba. Huo ni mwanzo wa nyumba!

Daktari hakukubali kuzidiwa na mabati. Akanywa funda, akafuta mdomo.

– Tusimwonee kocha bure. Mimi naona yule kapteni hakuumia. Mtu wa goti hulia hapo hapo. Yeye kwanza kaangalia jukwaani, ndipo akalia. Kaona mechi ngumu, katafuta mlango wa kutokea.

Wote wakamwangalia Mjomba. Alitaka kumkaba Daktari koo. Huyu mtoto alimlea tangu anajifunza kutembea, anamjua, hajui kujidai. Lakini macho yalikuwa yanamsubiri, na pembeni ya benchi palikuwa pabaya.

– Vijana wa siku hizi, akajisikia akisema, ni laini mno.

– Umesema, Mjomba! Sogea huku bwana, sogea!

Refa akampisha katikati. Mjomba alijichukia, lakini alisogea.

Kikombe kilikuwa ndiyo kwanza kimefika mkononi mwake, kijana mmoja mrefu akasimama mbele yao. Alivaa suti ya michezo ya wale mabingwa, na mkononi ameshika mfuko wa machungwa.

– Shikamooni.

– Marahaba, bingwa, alisema Refa. – Umekuja kutucheka?

– Hapana, mzee. Mimi ndiye beki niliyegongana na kapteni wenu. Nimeambiwa mjomba wake anapatikana hapa. Nilitaka kujua tu, usiku amelalaje?

Daktari, bingwa wa magoti, akakohoa. Refa akaangalia duka lake kama limeanza kuibiwa. Mjomba akainamia kikombe chake. Alidhani kapteni bado yuko hospitali, na kwa dada yake, nyuma ya kibanda hicho hicho, hakuwa amekanyaga tangu jana.

– Sikulala, ilijibu sauti kutoka dirisha la nyumba hiyo, nyuma ya migongo yao. – Zunguka uingie, kaka, mlango uko wazi. Mjomba usimsumbue, yuko kwenye kikao.