Aliomba Wamgeuzie Picha: Historia ya Marehemu Ildefonsi Ntibagomba, 1957–2015

Ndugu waombolezaji, wakubwa kwa wadogo, mliopata viti na mliokaa kwenye majani ya migomba, familia imemtuma Dionis, shemeji wa marehemu, awasomee historia hii, na kwa kuwa ni yeye aliyeiandika kwa mkono wake, kurasa nane za daftari bila neno hata moja kukatwa, anaomba msimharakishe, hata kama mnaona mvua inajikusanya upande wa Munanila.

Marehemu Ildefonsi Ntibagomba alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, hapahapa kijijini Rusenga, kata ya Makere, wilaya ya Kasulu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba, juu ya kilima hiki ambacho mgeni akikipanda hupumzika mara tatu, na mwenyeji hukipanda akiwa na debe kichwani huku anasimulia habari za jana.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1966 na kumaliza la saba mwaka 1972, na tangu wakati huo alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wake, jambo ambalo mwalimu mwenyewe hakulipenda, na mkumbuke habari ya mwandiko huo, kwa sababu tutairudia.

Kuhusu kazi, mwaka 1976 marehemu aliondoka na vijana wenzake kumi na wanne kwenda Tanga kukata mkonge, mkonge ukamchoma mikono miaka mitatu, ndipo mwaka 1979 akaingia studio moja ya picha pale Korogwe kama mfagiaji, na kabla mwaka haujaisha mfagiaji alikuwa anasafisha picha gizani na mwenye studio amekaa nje anakunywa kahawa. Alirudi nyumbani mwezi Juni 1983 na vitu vitatu, kamera ya mkanda, pazia lenye maua, na koti jeusi la suti lililokuwa na vifungo vyote, akafungua studio pale sokoni Makere, na hakuna mtu wa umri wangu kilimani hapa ambaye hakupigwa picha ndani ya koti lile, tulilivaa wanene kwa wembamba, wafupi likatufika magotini, wengine tulilivaa siku ya harusi, wengine siku ya kutuma picha kwa ndugu tumdanganye kwamba mambo yetu ni mazuri.

Tarehe 28 Julai 1984 marehemu alifunga ndoa takatifu na Epifania, dada yake huyu anayesoma, na Mungu akawajalia watoto wanne, Evaline, Reverien, Aneth, na marehemu Kipriani aliyetangulia mwaka 1996, na siku ya harusi bwana harusi alivaa koti la studio, akapiga mbio kuiweka kamera sawa, akapiga mbio kurudi ubavuni kwa bibi harusi, ndiyo maana katika picha ile dada yetu anacheka na shemeji anahema.

Sasa tufike mwaka 2012, ambapo simu zilikuwa zimeshaanza kupiga picha zenyewe na studio haina mtu, wenzake wa kazi wakafunga milango wakauza vitumbua, lakini Ildefonsi akalitundika koti kwenye msumari, akabeba kamera yake ya mkanda, akaanza kupanda na kushuka vilima vya Makere hadi Nyakitonto akipiga picha watu walivyo, mwanamke anapura maharage, wazee wanavunja mawe, Bazilio amelala chini ya baiskeli yake anakaza mnyororo, watoto wamejipanga na madumu kisimani. Mtu akimwona na kamera huweka jembe chini, husimama wima kama anaimba wimbo wa taifa, naye hupaza sauti, "Usisimame! Endelea na kazi yako, usisimame!" mpaka kilima kizima kikamwita Mzee Usisimame, na wapo waliomjia juu, mama mmoja alimwambia, "Yaani miaka yote umenipiga na koti, leo nina matope mpaka kwenye nyusi ndipo unaniona?" akajibu, "Mama, koti ni la kwangu, matope ni ya kwako, leo nataka cha kwako." Hata mkewe alimlaumu, "Baba Evaline, nani atanunua picha ya mtu anayefanya kazi aliyoifanya jana?" akasema hatanunua mtu, ataziweka.

Na alivyoziweka ndiyo hoja yenyewe. Picha zikirudi kutoka Kigoma kusafishwa, marehemu alikaa mezani na kalamu ya wino, akageuza kila picha, akaandika nyuma jina la mtu, jina la baba yake, kijiji, tarehe, na kazi anayoifanya, hakuruka hata moja, hata mbuzi aliandikiwa mwenyewe ni nani, kwa sababu alisema picha isiyo na jina ni ya yeyote atakayeiokota.

Mwezi Juni 2013 akaja kijijini bwana mmoja mtu wa kuja, Raymond, wa mradi mmoja wa wakimbizi uliokuwa na ofisi Kibondo, amevaa fulana ya mifuko kumi na mmoja tuliyoihesabu wote, akaziona picha ukutani, akashika kichwa, "Mzee wangu, hii ni hazina!" akaomba sitini na nne aende kuzitengenezea kitabu kitakachokuwa na jina la mpigaji na majina ya wote waliomo, akaandika karatasi, akala ugali wa dada yetu na samaki wawili, akaondoka, na kitabu hatujakiona mpaka leo hii tulipokaa hapa.

Tulichokiona ni kalenda ya mradi ule ya mwaka 2014. Ilifika Januari, ya rangi, ya karatasi inayoteleza, picha kumi na mbili zote za Ildefonsi, jina la Ildefonsi hakuna, na mwezi wa Julai yumo jirani yetu Generosa, binti wa marehemu mzee Tharsisi, mzaliwa wa Rusenga, anapanda kilima na mtoto mgongoni, kichwani ana mzigo wa maharage yenye maganda yake alioufunga kwa kitenge, anatoka bondeni anakwenda kwake, na chini yake wameandika, MKIMBIZI AKIWASILI NA MZIGO WAKE. Akiwasili wapi, ndugu zangu? Jikoni kwake? Mtu anatoka shambani anawahi kuweka chungu, ninyi mnamvusha mpaka!

Tulicheka, na tuseme kweli, hata anayesoma alicheka, akamwita Generosa "Mama Julai" mbele ya watu, na kicheko hicho leo kinamkaa kooni, maana kalenda ile ilitundikwa katika chumba cha kamati yetu ya mashamba ya bondeni, na tarehe 11 Septemba 2014, Generosa alipokwenda kuandikisha shamba aliloachiwa na baba yake, Katibu wa kamati, Isack, alimwonyesha ukuta kwa kalamu, akamwambia, "Mama, wewe uko hapa Julai, umeandikwa mkimbizi, na mashamba ya bondeni ni ya wazawa." Generosa akasema, "Isack, mimi na wewe tumefutana kamasi kisimani pale, leo hunijui?" Akaambiwa kujuana ni maneno ya mdomo, alete maandishi, tena marehemu mumewe Nduwayezu si alitoka Burundi? Ndiyo, alitoka Burundi, akapewa uraia na karatasi yake, akazikwa hapa, na kama hata yeye mwenyewe Generosa angetoka mbali, maharage si yalilimwa na mikono yake? Lakini mwezi Oktoba shamba likagawiwa mwingine, na sisi majirani tuliokula maharage ya bonde lile tangu enzi za mzee Tharsisi tukatazama chini, kwa sababu majina ya kupata mbolea huandikwa na kalamu ileile.

Na mseme wenyewe, kama picha ya ukutani inatosha kumfanya Generosa mkimbizi, basi nendeni sebuleni kwa Katibu, mtamkuta ukutani amevaa koti jeusi, kalamu tatu mfukoni, mkono mmoja kiunoni, ni mkurugenzi wa benki huyo, mpeni benki.

Aliyeumia zaidi ni Ildefonsi. Alimwambia mkewe, "Mama Evaline, mimi ndiye niliyempiga, na mimi ndiye niliyewapa," akaacha kula kwa wakati, akaenda kwa Generosa kuomba radhi, Generosa akamwambia, "Radhi sitaki, mzee, nataka bonde langu," naye akakubali kwamba hayo ndiyo maneno ya haki. Mkanda wa picha alikuwa nao, angeweza kuisafisha upya hata mara mia, lakini maandishi ya nyuma, aliyoyaandika siku zile wakati hakuna mtu aliyejua kwamba patakuwa na ugomvi, yalikuwa Kibondo.

Marehemu alikwenda Kibondo mara tano, kati ya Oktoba na Aprili, katikati ya masika, kwa lori, kwa pikipiki, na mara moja kwa miguu kutoka pale lori lilipozama tope, mzee wa miaka hamsini na nane mwenye kifua kilichochoka na dawa za studio. Aliikuta picha ya Generosa ukutani, wameibandika kwa gundi kwenye ubao, uso mbele, maandishi yote ya marehemu yamezikwa nyuma, na Raymond akamwambia, "Mzee, hii sasa ni mali ya mradi, hairuhusiwi kuondolewa." Ndugu waombolezaji, sikilizeni vizuri, Ildefonsi hakuomba wamrudishie, aliomba wamgeuzie. Waibandue kidogo, wasome, waibandike tena. Mara ya kwanza aliambiwa arudi Jumatatu, mara ya pili mwenye uamuzi yuko semina, mara ya tatu aandike barua, mara ya nne barua haina muhuri, na mara ya tano, Alhamisi tarehe 9 Aprili 2015, alikaa kwenye benchi chini ya picha yake mwenyewe kuanzia asubuhi mpaka ofisi inafungwa, amelowa, na Raymond alipita mbele yake mara nne akiongea na simu.

Alirudi anakohoa. Jumatatu tarehe 13 Aprili tulimpeleka hospitali ya wilaya Kasulu, ikaonekana ni nimonia ya mapafu yote mawili, madaktari walijitahidi, na baada ya siku nane, Jumanne tarehe 21 Aprili 2015, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mkewe, marehemu aliaga dunia, na maneno yake ya mwisho kwa Epifania yalikuwa, "Umewaambia waigeuze?" Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na picha mia tisa na kumi na nane zenye majina.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakulala, inamshukuru padri na kwaya, inawashukuru wapiga picha wenzake waliofunga vibanda vyao vya vitumbua Makere wakaja, inawashukuru majirani kwa kuni, maji na ndizi, pamoja na kwamba shukrani hiyo kwa majirani ingekuwa ndefu zaidi kama wangefungua midomo mwezi Oktoba, na anayesoma anajihesabu humo. Raymond alituma salamu za rambirambi kwa simu, tumezisoma, hatuna la kuongeza.

Shukrani ya pekee ni ya dada Asia, wa mapokezi katika ofisi ile ya Kibondo, mtoto wa Korogwe, ambaye marehemu alikuwa akimtania kwamba alishampiga picha bibi yake na hakulipwa. Jana Jumatano, shemeji wa marehemu alipanda pikipiki hapa Makere, akafika Kibondo kabla injini haijajua imewashwa, wanaobisha wamuulize Fidele aliyeendesha na ambaye mpaka sasa hajaweza kukaa sawasawa, akamwambia Asia, "Mzee wa benchi amefariki." Asia alifunga mlango kwa ufunguo, akaishusha picha ukutani, akachemsha maji kwenye birika la umeme, akaishikilia juu ya mvuke mpaka gundi ikalegea, na alipoibandua kwa kucha zake, machozi yanamtoka, akasema, "Kazi nitapata nyingine."

Picha ninayo mkononi, mnaiona. Mwenyekiti wa kijiji yupo, kamati ya mashamba ipo yote, na Katibu Isack yupo safu ya pili, naona anataka kuinuka, tunamwomba kwa heshima, Katibu, usisimame, haya ndiyo maandishi uliyoyataka, nayasoma kama yalivyo:

"Generosa wa Tharsisi, wa hapa Rusenga. Anatoka kuvuna maharage shambani kwake bondeni, shamba la baba yake, linalopakana na la Isack, mti wa msesewe katikati. Jumanne, 9 Oktoba 2012. Nilimwambia asisimame, akasema hata hivyo hana nafasi."

Linalopakana na la Isack. Na tangu Oktoba iliyopita nani analima pande zote mbili za msesewe, mnamjua, mnamwona pale.

Picha hii haizikwi. Inapita mkono kwa mkono kuanzia safu ya mbele, kila mmoja aigeuze asome, asiyejua kusoma asomewe na jirani yake, wa mwisho ampe Mwenyekiti, na jeneza halitainuliwa hapa mpaka Mwenyekiti aseme mbele ya watu wote shamba ni la nani.

Pumzika sasa, Ildefonsi, kwa amani yako yote, wewe lala tu, kazi ya kusimama leo tuachie sisi.