Mwalimu Mursal Gelle na Tikiti la Darasa la Nne

Mwalimu Mursal Gelle anastaafu tarehe 15 Desemba 1967, baada ya miaka ishirini na moja ya kuwafundisha hesabu watoto wa Garissa. Katika muda huo alivunja viti viwili, na hakuvunja moyo wa mtoto hata mmoja.

Alitoka Wajir akiamini kwamba mtoto anayeelewa sehemu, yaani nusu na robo, hatapunjwa urithi wala nyama. Imani hiyo ilimponza mwaka 1965, vita vya kutaka kujitenga vilipopamba moto. Koplo wa doria alipita nje ya dirisha akasikia darasa zima likiimba, “Gawanya! Gawanya kwa mbili!” Serikali ilikuwa ikipigana nchi isigawanywe, koplo akatimiza wajibu wake.

“Nani amekutuma ugawanye?” Mwalimu aliulizwa kambini.

“Wizara ya Elimu.”

Jibu hilo lilimwongezea siku mbili. Mkewe, Ebla, alipeleka chai kila asubuhi na kurudi na birika tupu, bila kuambiwa nani ameinywa.

Aliachiwa kwa sharti: neno “kugawanya” likisikika tena, shule itafungwa. Mwalimu, mtumishi mtiifu, akafundisha kuunganisha tu. Watoto wakajua kwamba nusu mbili ni kitu kizima, ila hawakuruhusiwa kujua nusu zenyewe zimetoka wapi.

Ndipo Afisa wa Tarafa akazuru shule, akifuatana na koplo yuleyule, na tikiti kubwa kutoka mashamba ya mtoni.

“Haya, kuleni!”

Watoto wakalikodolea macho, mate yakiwajaa. Hakuna aliyeligusa.

“Mbona hamli?”

Kaaha, binti wa darasa la nne, akasimama. “Bwana, liko moja. Kuligawanya, Maalim amekatazwa.”

Afisa alimtazama koplo, akacheka na kuagiza kisu. Watoto walipokwisha kula, akamuuliza koplo: katika kipande kilichobaki, anataka robo au thumuni? Koplo akataka thumuni, maana nane ni zaidi ya nne. Alipokabidhiwa ukanda mwembamba, akalalamika kwamba ameonewa.

Wiki hiyo marufuku iliondolewa. Koplo naye akaanza kuketi dawati la nyuma, bunduki magotini, akijifunza.

Mwalimu Mursal, sisi wenzako tunakushukuru. Mungu akujalie afya, ngamia wenye maziwa, na majirani wasio na haraka ya kuripoti. Wageni wanaombwa kufupisha hotuba: amri ya kutotoka nje huanza saa kumi na mbili jioni, na mstaafu wetu angependa kulala kwake.