Punda wa Baba Mikononi mwa Mtani

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina lake Yeye aliyetuamsha asubuhi ya leo tukiwa na pumzi. Nanyi mlioketi karibu na mlango ili mtoke mapema, nawasalimu pia. Asifiwe Bwana! Mchungaji amenipa dakika chache, na kwa kuwa ananifahamu vizuri, ameketi hapa mbele na saa mkononi.

Wengi mnanijua. Mimi ni yule mwalimu anayeandika makala gazetini juu ya mambo ambayo hakuna aliyemwuliza. Nimesoma mpaka chuo kikuu, ng'ambo ya ziwa. Leo nimesimama kushuhudia kwamba Bwana alinitoa kifungoni. Haikuwa pombe, haikuwa wanawake. Kwa uso huu hata Shetani hakujisumbua. Kifungo changu kilikuwa hofu ya fedha. Nilikuwa na mshahara, nilikuwa na chakula, lakini nilikula kila tonge nikifikiria bei yake.

Marehemu baba yangu alikuwa mwinjilisti. Alihubiri katika vijiji vya njia ile ya zamani ya misafara, walikopita babu zetu na pembe mabegani kwenda pwani. Alisafiri juu ya Sultani, punda mweupe wa Kimaskati, mrefu, mwenye masikio ya mtu anayesikiliza mahubiri. Baba alipochoka safari, Sultani akawa miguu ya mama yangu. Mama anavimba magoti. Ni Sultani aliyemleta hapa kanisani kila Jumapili, na ni Sultani aliyempeleka hospitali ya Kitete. Mama alimsemesha Kinyamwezi njia nzima, na naapa mnyama yule alikuwa akijibu kwa masikio.

Baba akafariki. Siku ya mazishi akaja Mwinshehe, Mzaramo, mfanyakazi wa reli. Vijana wa siku hizi huenda hamjui: sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akifika msibani ana haki ya kushika kitu cha marehemu na kusema ni chake. Wafiwa wanakikomboa kwa kitu kidogo, kuku hivi, watu wanacheka, na machozi yanapumzika kidogo. Mimi utani ninaujua sana. Chuoni niliandika insha juu yake, nikasifiwa.

Basi Mwinshehe akampanda Sultani katikati ya uwanja, miguu ikining'inia. "Punda wangu huyu!" akapiga kelele. "Marehemu aliniachia! Nyie wapagazi mnajua kubeba wenyewe, punda wa nini? Leteni kuku, la sivyo naondoka naye!"

Wazee wakacheka. Shangazi yangu akamjibu, "Shuka, mla nazi wewe, utamvunja mgongo!" Kisha wote wakanigeukia mimi, mwana wa kwanza, maana kukomboa ni kazi ya mrithi.

Ndugu zangu, kuku walikuwepo. Walikuwa wakipita miguuni mwangu! Lakini dakika ile mimi nilikuwa nafikiria ubao wa jeneza, mchele na sukari, na akili yangu ikaniambia: punda anakula, punda anaugua, punda anataka dawa. Nikasema, "Mchukue."

Kicheko kikakatika. Mwinshehe akanitazama kama mtu aliyesukuma mlango akidhani umefungwa. Lakini mtani harudi nyuma mbele ya watu. Akaondoka naye.

Jumapili iliyofuata mama alikuja kanisani kwa fimbo. Alifika wakati wa wimbo wa mwisho. Hakuninung'unikia. Jumapili ya pili hakuweza kuja kabisa, akabaki kitandani akiimba peke yake, nami nikamsikia nikitoka nyumbani. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimemtoa punda ambaye hakuwa wangu peke yangu.

Nikaanza kutaka kumrudisha. Nikauliza sokoni bei ya punda wa Kimaskati, nikatafuta mahali pa kukaa. Ilikuwa sawasawa na karo ya binti yangu, aliyekuwa ametoka tu kupata nafasi shule ya kati. Mama au binti? Miguu ya huyu au kichwa cha yule? Nikamwomba Mungu anionyeshe ishara, na niwe mkweli, niliomba ishara ya kunizuia. Hakuna iliyokuja. Mbingu zilinyamaza kama darasa lililoulizwa swali gumu.

Jambo moja bado linanishangaza, nami hulitafakari kuliko vitabu vyote nilivyosoma. Miezi ilipita, na kati ya nyumba yetu na nyumba za reli si mbali. Ukitembea polepole unafika kabla jasho halijakutoka. Kwa nini sikwenda kumwuliza Mwinshehe mwenyewe anataka nini? Nilimwuliza mfanyabiashara wa Kiarabu. Nilimwuliza karani wa mnada. Nilimwuliza Mungu! Mwenye punda sikumwuliza. Nadhani hofu ndivyo ilivyo: inapenda kuuliza kila mahali isipokuwa pale penye jibu.

Jumamosi moja mama alikuwa akimenya karanga. Akasema bila kuinua uso, "Mtani anahamishiwa Morogoro. Anaondoka Jumatatu na treni ya mchana."

"Na Sultani?"

"Kwani punda anakata tiketi? Kuna mtu wa kijiji cha Ziba amekuja kumtazama, anataka kumnunua."

Siku ile nilishindwa kula. Nikatoka nje kuomba, na safari hii sikuomba ishara. Nilisema tu, "Bwana, nimechoka kuogopa." Basi. Sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali, na mnajua zangu zilivyo. Nilipofumbua macho, mbele yangu ilikuwa baiskeli yangu, imeegemea ukuta, inang'aa kwa mafuta. Miezi yote ile nilipima karo na punda, punda na karo, na baiskeli ilikuwa ikinitazama! Haikuwahi kuingia katika mawazo yangu kwa sababu ilikuwa heshima yangu. Msomi bila baiskeli ni nani? Jumatatu asubuhi nikamwuzia mwalimu mwenzangu aliyekuwa akiitamani. Nilikwenda stesheni kwa miguu, fedha mfukoni, na ndugu zangu, nilikuwa mwepesi! Sijui niseme nini zaidi. Hofu ilikuwa imeshuka mahali fulani njiani, wala sikuiona ikishuka.

Nilipofika stesheni nikakuta watu wamejaa, wanacheka. Katikati yao mama yangu, aliyekokota miguu asubuhi nzima mpaka pale, ameketi juu ya sanduku la Mwinshehe, fimbo magotini.

"Mama mtani, inuka, treni inakuja!" Mwinshehe alikuwa akimbembeleza.

"Sanduku langu hili," mama akasema. "Umeniachia. Mwanangu akija mtaongea."

Sultani alikuwa amefungwa kwenye uzio, na yule mtu wa Ziba amesimama kando yake, kamba mkononi, akingoja.

Nikapenya, nikatoa fedha. "Nimekuja kumnunua punda."

Mwinshehe akarudi nyuma. "Kumnunua? Kwani nyie niliwadai fedha? Mimi nilitaka kuku!"

"Kuku wa siku ile?"

"Yule yule, au ndugu yake!"

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Nilidhani mmechukia. Kila nikisikia hodi nasema, hao, wamekuja na kuku. Hamkuja. Sasa nahama, nimfanyeje?"

Hapo ukazuka ubishi. Mama mmoja anayeuza kuku kwa abiria akasema msiba ulikwisha zamani, sasa ni biashara. Mpagazi wa stesheni akasema utani hauna tarehe. Mwinshehe akawakatiza wote: "Msiba gani umekwisha? Huo pale kwenye uzio, unakula pumba zangu kila siku!"

Treni ikapiga honi. Nikamgeukia yule mwuza kuku, nikanunua jogoo bila kuuliza bei. Mimi! Bila kuuliza bei! Jogoo akanichomoka, nikamkimbiza kwenye jukwaa na tai yangu shingoni, wanafunzi wangu wawili wakinitazama, mpaka nikamkamata chini ya mkokoteni. Nikamkabidhi Mwinshehe mbele ya watu wote. Akamwinua juu. "Wapagazi wamekomboa!" akapaza sauti, na stesheni nzima ikashangilia. Mtu wa Ziba akakunja kamba yake, akasema, "Kumbe nimetembea bure," akacheka naye.

Treni ilipoanza kuondoka nilimtilia Mwinshehe fedha dirishani, za chakula na dawa za miezi ile. Hizo alizipokea, maana naye ana watoto. Zilizobaki zilinitosha.

Karo ya binti yangu ililipwa, haikuguswa hata senti. Siku hizi nakwenda shuleni kwa miguu, na baadhi yenu mmeniona mvua ikinikuta njiani. Haleluya, mvua hainidai chochote!

Lakini kilichonifanya nisimame leo ni hiki. Tulipokuwa tukirudi, mama juu ya Sultani, mimi nimeshika kamba, nilimwuliza: "Mama, ulijuaje kwamba nitakuja?" Maana sikumwambia habari za baiskeli, wala sikumuaga nilipotoka.

"Sikujua," akasema. "Nilikaa tu."

Ndugu zangu, nimesoma mengi juu ya imani, na mengine nimewafundisha wengine. Sijapata maelezo yanayozidi hayo. Namshukuru Mungu kwa mama huyo, aliyeketi pale kwenye benchi la mbele na ambaye sasa ananikunjia uso ninyamaze. Kama uko hapa na hofu yako, hujui kama msaada utakuja, usingoje mpaka ujue. Njoo ukae. Bwana awabariki.