Kufuli ya Machela

“Githae, mama wa watu amevunjika mguu tukambeba juu ya mlango! Machela iko stoo, ufunguo uko nawe kazini Thika!”

Huyo alikuwa Idah, kwenye foleni ya matatu Kimbo. Wote wawili ni wa kikundi cha kujitolea cha dharura kijijini kwao.

“Nikiacha stoo wazi, mnaibebea majani ya ng'ombe.”

“Heri inuke majani.”

“Na anayeiosha ni nani? Mimi peke yangu. Nimechoka, Idah.”

“Hata sisi tumechoka.” Akapiga simu. “Fundi, kata hiyo kufuli. Sasa hivi.”

Mimi ningeikata jana.

Msumeno ulisikika kwenye simu. Githae akainama karibu nayo. “Fundi, polepole. Usiharibu mlango.”

Matatu ikafika, tukapanda.