Mapacha wa Milembe

Mwaka 1997, katika basi la Maswa kwenda Bariadi, mwalimu Sylvester alimsikia bibi wa kiti cha mbele akimsimulia jirani yake habari za bintiye, Milembe. "Mganga alisema tumbo limerogwa. Nikampeleka hospitali mpya ya binafsi, wakapitisha kidude tumboni, mapacha wakaonekana kwenye kioo! Mmoja kalala vibaya. Wakampasua siku hiyohiyo, wote watatu wazima. Leo nampelekea daktari jogoo."

"Mshukuru Mungu, mayu. Daktari ana mshahara," alisema jirani, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mungu nimeshamshukuru. Hali jogoo, huyo!"

Walifika Bariadi wakibishana bado. Sylvester, ambaye dada yake alifariki kwa uzazi kabla kipimo hicho hakijafika, alimshika bibi mkono kumteremsha.

"Hongera, mayu," alisema.