Daraja Lililokuwa Chini ya Kabati la Bi Nitschke

Baada ya miaka arobaini na minne, tarehe 30 Juni Bi Roswitha Nitschke anastaafu kazi ya usafi na uangalizi wa vyumba katika makumbusho ya mji wetu, Steinwerda. Mimi niliyekuwa nikichochea tanuri la makaa hapa nimeombwa niandike haya kwa kuwa wasomi wote wako likizo.

Aliajiriwa mwaka 1981, wiki ileile mkuu wa wakati huo alipoamua kwamba mfano wa mbao wa mji wetu unatia aibu. Ulionyesha Steinwerda ya zamani, kingo zote mbili za mto Neisse, kabla vita havijaifanya ng'ambo kuwa Poland. Wakubwa wa Ujerumani Mashariki hawakutaka kukumbushwa. Ukakatwa kwa msumeno katikati ya mto, daraja likang'olewa, nusu ya ng'ambo ikaletwa kwangu ichomwe. Bi Nitschke, mgeni kazini, akasimama na ndoo yake mbele ya mlango wa tanuri.

"Choma makaa yako, Bwana Heinz. Nusu hii ina makanisa mawili, itakukohoza."

Tukaibeba kwa mkokoteni hadi kwake, tukaifukia kwenye rundo la viazi vyake. Daraja alilitia katika mfuko wa aproni. Mpaka ukuta wa Berlin ulipoanguka, nusu ya mji wetu iliishi kwenye viazi, na kanisa la Mtakatifu Barbara la mfano huo linanukia viazi hadi leo. Wageni hudhani ni harufu ya historia.

Nusu mbili zikarudi mezani, lakini daraja halikuonekana. Bi Nitschke alipekua nyumba nzima bila mafanikio. Maseremala wetu wakataka kuchonga jipya. Bwana Bogumił Wrona, seremala wa ng'ambo, akasema mguu mmoja wa daraja unasimama kwao, basi hachongewi na mtu. Kila kikao kiliishia kwenye bia. Mwaka huu mkuu wetu mpya, Daktari Feustel, akatangaza: bila daraja kufikia kiangazi, mfano wote unakwenda stoo na badala yake inawekwa televisheni kubwa. Bi Nitschke aliendelea kuufuta vumbi, ila chakula cha mchana akawa hakigusi.

Mwezi Mei alikuwa akihamia nyumba ndogo, na Wrona akaja kumsaidia kubeba kabati la jikoni. Walipoliinua, daraja lile hapo, chini ya mguu mfupi wa kabati. Marehemu mumewe, Gotthard, aliyeliweka hapo kama kabari bila kujua ni nini, alikuwa fundi wa kila kitu isipokuwa kuuliza.

Wrona alilifuta kwa mkono wa shati. "Bi Roswitha, tumegombana miaka yote hii juu ya kitu kinachoshikilia vikombe vyako."

"Chenyewe kilikuwa na kazi, Bwana Bogumił. Nyinyi je?"

Liliingia mahali pake bila gundi. Lina kishimo cha mguu wa kabati katikati. Daktari Feustel alitaka kukiziba, tukamkatalia, Wajerumani na Wapoland kwa sauti moja. Sikuwahi kusikia hivyo kabla ya hapo.

Mfano unabaki. Asante, Bi Nitschke. Zawadi yetu ni kabari ya mwaloni, upande mmoja umechongwa huku, wa pili ng'ambo, na unene wake ni uleule wa daraja. Uishi kwa raha, na kabati lako lisiyumbe.