Bomba Lililokataa Kuniuma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana huyu bibi mnayemwona amesimama hapa alikwisha kutafutiwa kaburi, na kosa lake lilikuwa kuchota maji.

Mimi ni mjane wa Sengerema. Mwanangu Masanja alinichukua nikae naye Mwanza, kule mlimani ambako nyumba zimekalia mawe. Zilikuwa enzi za ruksa, maduka yamejaa vitu vya ng'ambo. Masanja akanunua friji, mke wake akaanza kuuza barafu. Tukamshukuru Mungu. Haukupita muda, bomba la uani likaanza kuuma watu.

Ndiyo, kuuma! Bomba lile tulilitumia pamoja na wapangaji wote. Ukilishika, kitu kinakukamata mkono, kinapanda mpaka begani, kisha kinakutupa. Kuku walikutwa wamekufa kwenye tope chini yake, hawana jeraha. Mbwa alisimama mbali akiyatazama maji na kulia, hasogei. Umeme ukikatika mtaani bomba lilitulia, nasi tukasema jini limepumzika. Akili zetu!

Lakini mimi halikunigusa. Hata siku moja! Watoto wanarushwa, mimi nachota ndoo yangu naondoka. Mama Kulwa, mpangaji wa chumba cha mbele, akaniuliza mbele za watu, "Shikamoo bibi. Mbona wewe hayo maji yanakujua?" Nikajitwisha ndoo yangu nikaondoka. Macho yangu ni mekundu kwa moshi wa kuni, na ninyi mnajua kwetu bibi wa macho mekundu huitwa nani.

Ndugu zangu, la kutisha zaidi ni hili: nilianza kuwaamini. Nilikaa nikiitazama mikono yangu, nikijiuliza huwa inafanya nini mimi nikiwa usingizini.

Siku Doto, pacha wa Kulwa, alipotupwa na bomba akazimia, minong'ono ilikoma. Mtoto alizinduka, lakini hakuna aliyeniamkia tena. Masanja akaniambia bila kunitazama usoni, "Mama, kesho nakupeleka kwenye kivuko. Urudi nyumbani." Nyumbani wapi? Fununu ya uchawi huvuka kivuko cha Busisi kabla ya mwenyewe, na kule panga halisubiri ushahidi.

Asubuhi nikaenda bombani kumlilia Mungu. Katika kikundi chetu cha maombi tunavua viatu tukiomba, basi nikavua katambuga zangu za matairi, ambazo huwa sizivui ila kitandani. Nikasimama pekupeku kwenye tope. Nikasema, "Bwana, kama mimi ni mchawi nisiyejijua, nionyeshe!" Nikalishika bomba.

Likaniuma! Haleluya! Likanibwaga chini kama gunia, ulimi nimeung'ata, mkono umekufa ganzi, nami nacheka na kulia kwa pamoja. "Limeniuma! Limeniuma na mimi!" Watu wakatoka vyumbani. Masanja akaitazama miguu yangu mitupu, akazitazama zile katambuga pembeni, kisha akakimbia ndani kuchomoa friji.

Fundi umeme alipokuja akatueleza. Fundi wa kwanza, aliyeweka umeme nyumbani, alishindwa kuchimbia waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, kwenye mwamba, akaufunga kwenye bomba la maji. Baadaye bomba la chini lilioza, likabadilishwa kwa la plastiki. Friji ikawa inavujisha umeme, na umeme ule, ukikosa njia ya kwenda ardhini, ulikaa bombani ukimngoja mtu wa pekupeku. Mimi nilikingwa na mpira wa matairi tu.

Jioni ile vijana wawili wageni waliingia uani, wamevaa makoti marefu bila mvua, wakamwulizia bibi mwenye macho mekundu. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Mama Kulwa akaja na Doto, akamkalisha mapajani pangu, akawageukia. "Huyu ni mama yangu," akasema. "Mnamtaka wa nini?" Wakaondoka bila kujibu.

Namshukuru Mungu aliyeniumiza nikapona! Wewe ambaye bomba lako linauma, usiliguse tena, zima umeme, ita fundi. Na kama kwenu yupo bibi mnayenong'ona habari zake, mtumainini Mungu huyu, mwende leo hii mkamwamkie. Huenda amekaa peke yake, anaitazama mikono yake.